Nyumba ya mawe Pangani, 1948: harufu ya samaki ukutani na arthi isiyofika popote

BintiWaPangani

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Nyumba yetu iko Pangani hapa Nairobi, moja ya zile nyumba za mawe za zamani zilizobaki chache katikati ya maghorofa. Juu ya mlango mkuu pamechongwa 1948. Marehemu baba aliinunua mwaka wa 1974 kutoka kwa familia ya Kihindi iliyokuwa inahama, na sisi watoto watano tumekulia humo. Kuta ni mawe ya kuchonga, paa ni vigae, sakafu ni ile ya saruji nyekundu ambayo mama bado anaipiga polishi kila Jumamosi. Ana miaka 76 na hataki kusikia habari ya kuhama.

Mwezi wa pili jikoni kulianza kunuka samaki. Si samaki wa kukaangwa, ni samaki aliyelala. Tukaosha friji, tukavuta kabati, mama akamshuku jirani wa nyuma anayeuza omena. Harufu ilikuja asubuhi na jioni, mchana ikapotea. Wiki mbili nzima zilipita ndipo nikagundua inakuja tunapochemsha maji ya chai. Nikaweka kiganja juu ya soketi ya birika, nikakitoa haraka. Ilikuwa moto kama sufuria.

Nilizima swichi kuu nikaita fundi wa mtaani. Alipofungua ile soketi, mgongo wake ulikuwa umeungua mpaka ukapasuka. Waya zilizotoka ukutani sikuwahi kuona za namna hiyo: zimevishwa kitambaa, kama kamba ya kiatu, na chini ya kitambaa kuna mpira mweusi. Fundi aliugusa ule mpira kwa ncha ya bisibisi ukamomonyoka kama ganda la njugu zilizokaangwa sana. Shaba ikabaki uchi mbele ya macho yetu.

Sasa amenipa bei. Anasema ni kazi ya siku moja: anatoa sanduku la fyuzi la zamani, anaweka breka mpya, na soketi zote zinakuwa za kisasa zenye matundu matatu. Waya za ukutani zinaachwa, kwa sababu, anasema, shaba ya zamani ni nene kuliko ya siku hizi. Mama amefurahi kwa kuwa hakuna ukuta utakaovunjwa. Mimi moyo unakataa. Nisaidieni: huyu fundi yuko sawa au la? Na kama hayuko sawa, waya zinabadilishwaje bila kubomoa plasta ya nyumba nzima?

Mkaazi_Ngara

Dada, kabla ya maelezo yoyote, usiirudishe stima kwenye hiyo saketi. Toa fyuzi yake uiweke kabatini. Friji muombe jirani akuhifadhie vitu. Maji chemsheni kwa gesi.

FundiWaMawe

Pole dada, na pua yako imefanya kazi nzuri. Plastiki ngumu ya soketi na swichi ikipashwa joto kwa muda mrefu hutoa harufu ya samaki, wengine husema ya mkojo, kabla haijatoa moshi. Watu wengi huosha friji kama mlivyofanya.

Nikueleze kilichotokea nyuma ya hiyo soketi, maana ukikielewa utajua kwa nini breka mpya peke yake haitakusaidia. Birika la wati 2,000 kwenye volti zetu 240 huvuta ampea 8 na ushee. Skrubu ya soketi ikilegea, pale waya inapogusana na chuma panatokea ukinzani, yaani umeme unapita kwa shida. Ukifika hata ohm 1 tu, ampea 8 zikipita hapo zinaacha joto la wati 64. Hiyo ni balbu ya zamani ya wati 60 inayowaka ndani ya ukuta wako, haina mwanga, inachoma tu. Joto linakausha mpira na kuiunguza shaba, skrubu inazidi kulegea, joto linazidi kupanda. Na muda huo wote birika linavuta ampea zilezile 8. Breka haijui kupima joto la soketi. Breka inapima mkondo, na mkondo uko sawa, kwa hiyo itatulia tu huku ukuta unaungua.

Hizo waya za kitambaa ni za mpira, ndizo zilizotumika kabla plastiki ya PVC haijashika soko. Fundi wako kuhusu shaba hajasema uongo. Waya ya soketi ya wakati huo mara nyingi ilikuwa na nyuzi saba, kila moja unene wa inchi 0.029, na ukizijumlisha unapata karibu milimita mraba 3, wakati leo tunavuta 2.5. Lakini shaba siyo iliyozeeka hapo. Kilichozeeka ni mpira, na mpira wa miaka zaidi ya 70 hauna kazi tena. Ukiukunja ili uingie kwenye soketi mpya, unavunjika palepale ulipokunja, halafu unafunika na kifuniko cheupe kizuri usione.

Jambo la pili ni lile sanduku la fyuzi. Fungua kifuniko (swichi kuu ikiwa imezimwa) uhesabu: kila saketi ina fyuzi moja au mbili? Nyumba za umri huo nyingi ziliwekwa fyuzi kwenye laivu, waya inayoleta umeme, na nyingine kwenye nyutro, waya inayourudisha. Ikiungua ya nyutro, taa inazima, unadhani hakuna stima, kumbe laivu iko pale pale inakungoja. Mafundi wamekufa kwa hilo. Na ukikuta vishikio vya fyuzi vina kitambaa cheupe ndani kama pamba ngumu, usikikwangue wala usikipulize, kinaweza kuwa asbesto.

Jambo la tatu ndilo ninaloliogopa zaidi, na sijasikia fundi wako akiligusa. Soketi ya matundu matatu bila arthi, ile waya ya usalama inayopeleka ardhini umeme uliovuja, ni soketi ya matundu mawili iliyopambwa. Fuata waya ya arthi kutoka kwenye sanduku, iwe ya kijani au shaba tupu, uone inaishia wapi. Kwa macho yako. Halafu urudi utuambie: je, mmewahi kubadilisha paipu za maji?

MzeeWaZiwani

Binti, angalia kibao cha mita. Kama bado kuna bamba au sili yenye herufi E.A.P. & L., hiyo ni East African Power and Lighting, kampuni iliyoundwa 1922 na ambayo jina lake lilibadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting mwaka wa 1983. Sisi zamani tulitumia alama hiyo kujua kama kibao kimeguswa karibuni. Sili yenyewe usiivunje, hiyo ni ya kampuni ya stima na kuivunja ni kosa.

BintiWaPangani

Mzee, bamba lipo! Limepakwa rangi mara nyingi lakini herufi zinasomeka. Fundi, fyuzi ni mbili mbili kama ulivyosema, saketi sita. Moja haina uzi wa fyuzi kabisa, mtu amefunga waya nene ya shaba iliyosokotwa.

Sasa hii ya arthi. Nimeifuata leo asubuhi na tochi. Inashuka kutoka kwenye sanduku, inapita nyuma ya mlango wa jikoni, inatoboa ukuta na kutokea nje karibu na sinki ya kufulia. Hapo imefungwa kwa klempu kwenye paipu ya chuma ya maji. Nikafurahi. Halafu nikainama. Ile paipu ina urefu wa kama mkono wangu kutoka kiwiko. Juu imekatwa, chini imekatwa. Imebaki imekwama kwenye saruji, haina maji wala haiingii ardhini.

Nikamuuliza mama. Akaniambia mwaka jana fundi wa maji alipoweka zile paipu za plastiki za kijani alitaka kuing'oa, mama akamwambia aiache asiharibu plasta.

FundiWaMawe

Hapo ndipo penyewe.

Wadau wengine wasome hili vizuri. Zamani ilikuwa kawaida kuifunga arthi ya nyumba kwenye paipu ya maji, kwa kuwa paipu ilikuwa ya chuma na ilizikwa ardhini kutoka barabarani mpaka jikoni. Hakuna chuma kirefu zaidi ya hicho ndani ya ploti. Halafu Nairobi nzima ikaanza kubadilisha paipu zilizoshika kutu na kuweka plastiki. Fundi wa maji hana habari na stima, fundi wa stima hayupo siku hiyo, na hakuna kinachozima. Taa zinawaka, friji inaguruma. Nyumba imepoteza arthi na hakuna mtu aliyejua.

Na mbaya zaidi, waya za kijani za soketi zote bado zimeunganishwa pamoja kule kwenye sanduku. Pasi ikipata hitilafu, laivu ikigusa bati lake, ule umeme hauna njia ya kwenda chini. Unazunguka kwenye waya za kijani na kuingia kwenye bati la friji na la mashine ya kufua. Hitilafu iko chumbani, anayepigwa ni mtu aliyeshika friji jikoni.

Dada, je, mna shawa ya stima bafuni?

BintiWaPangani

Tunayo, ya wati 5,000. Na mama huoga na slipa za mpira. Anasema bila slipa bomba linamtekenya vidole.

FundiWaMawe

Zima hiyo shawa leo. Usingoje kesho.

Wati 5,000 ni karibu ampea 21. Na shawa nyingi za hapa kwetu koili yake iko wazi ndani ya maji, kwa hiyo daima kuna umeme kidogo unaovuja, na kazi ya arthi ni kuuchukua huo uende chini. Arthi ikikosekana, unapita kwako. Nairobi tumezoea kuoga na slipa mpaka tunaona ni desturi. Ile slipa inaziba pengo la arthi ambayo haipo.

Nyawira_Kaloleni

Nimesoma huku mikono inatetemeka kidogo. Mimi niko Kaloleni, nyumba zile za miaka ya 1940, na ni mpangaji wa kaunti kama mama yangu kabla yangu. Sisi pia tunaoga na slipa. Watoto wangu nimewafundisha kabla hawajajua kusoma: slipa kwanza, bomba baadaye. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Fundi, kwa mtu ambaye nyumba si yake, anaanzia wapi? Na huku kwetu udongo ni ule mweusi, unapasuka kiangazi mpaka unaingiza mkono. Nguzo ya arthi, ile fimbo ya chuma inayopigwa ardhini, inashika kweli?

FundiWaMawe

Mama, kwanza angalia paipu kama dada alivyofanya. Kuangalia hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kubadilisha waya za nyumba ya kaunti kunahitaji kibali, kwa hiyo andika barua, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala.

Udongo mweusi ukiwa na maji hupitisha umeme vizuri sana. Shida ni kiangazi, unajikunja na kuachana na nguzo, pengo la hewa linabaki pembeni. Ndiyo maana nguzo ipigwe ndefu ifike kwenye unyevu usiokauka, na ipimwe mwezi wa tisa au wa pili, siyo katikati ya masika. Kipimo cha masika kinakudanganya.

Mjasiriamali254

Kwa heshima zote dada, mnatumia nguvu nyingi kwa nyumba ya kubomolewa. Pangani hiyo ploti inaingia ghorofa kumi. Nyumba za kaunti za Pangani zenyewe zilishabomolewa zikajengwa gorofa. Kaeni na mjenzi, mpate fleti mbili tatu na stima mpya kabisa.

BintiWaPangani

Kaka, wajenzi wanakuja kwetu karibu kila mwezi, wengine na soda. Si kwamba hatujaelewa hesabu.

Baba alimaliza kuilipia hii nyumba mwaka wa 1989, na hati alimkabidhi mama hapo kwenye veranda. Wajukuu wanacheza bano kwenye sakafu ileile tuliyochezea. Kuta zina unene ambao saa nane mchana wa Februari ndani ni baridi bila feni. Mimi sioni kwa nini nyumba yenye mawe mazima na paa zima ife kwa sababu ya waya. Waya zinabadilishwa. Na hata kama tungeuza mwaka ujao, mama anaoga leo.

Mjasiriamali254

Nimekuelewa dada. Nisamehe kama nilisema vibaya. Fuateni ushauri wa fundi.

Mkaazi_Ngara

Fundi, tusaidie na hili: mtu atamjuaje fundi wa kumpa kazi kama hii? Hapa mtaani kila mwenye testa ni fundi.

FundiWaMawe

Muulize leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Kazi ya kuweka nyaya za nyumba kisheria ni ya mwenye leseni, na ziko za madaraja tofauti, A-1, A-2, B, C-1 na C-2. Asikasirike ukiuliza. Mimi nikiulizwa natoa kadi kabla mtu hajamaliza sentensi. Kazi ikiisha anapaswa kukupa cheti cha kukamilisha kazi chenye jina lake na namba yake ya leseni. Hapo ameweka shingo yake.

Kisha umsikilize anaanza na nini. Akianza na bei ya breka kabla hajauliza arthi, mshukuru umpe nauli. Akija na mega, ile mashine ya kupima kwa volti 500 kama ganda la waya bado linazuia umeme usivuje, huyo ana nia. Waya yenye ganda zima inapaswa kusoma angalau megaohm 1. Za mpira zilizochoka mimi hukuta sifuri nukta sifuri na kitu. Mwangalie pia anavyohakikisha stima imezima. Mwenye akili anajaribu kipimo chake kwanza mahali penye stima, anapima pale anapotaka kufanyia kazi, halafu anarudi kukijaribu tena palepale mwanzo, kwa sababu kipimo kibovu na waya iliyozimwa vinaonekana sawasawa.

Waya nenda ukanunue mwenyewe. Mjini kuna waya zinazouzwa kama shaba kumbe ndani ni alumini iliyopakwa. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Na uinyanyue roli kwa mkono, ile ya alumini ni nyepesi mpaka unashangaa. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango, lakini kisu usikiache nyumbani.

Rangi nazo msichanganye. Zamani nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro. Za sasa ni kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, kijani na njano kwa arthi. Nyumba ambayo imepitiwa na mafundi wa miaka tofauti ina rangi zote, na siku moja nilikuta nyeusi ndiyo laivu. Rangi ni dokezo tu, kipimo ndicho kinachosema.

BintiWaPangani

Nimerudi na taarifa. Samahani kwa ukimya wa wiki tano.

Fundi wa kwanza tulimlipa usumbufu wake tukaachana kwa amani. Tulipata mwingine mwenye leseni, kijana mpole, alikuja na mega na daftari. Siku ya kwanza hakugusa waya hata moja. Alichora nyumba, akafuata kila saketi, akaandika. Taa 11, soketi 14, shawa na jiko. Vipimo vyake vya waya za zamani: saketi ya jikoni megaohm 0.08, ya vyumba vya kulala 0.3. Ya nje ya veranda, ambayo baba aliiongeza miaka ya themanini kwa PVC, ilisoma zaidi ya 100 na tukaiacha.

Darini ndiko kulikonitisha. Shawa ilikuwa imeungwa kwenye saketi ya soketi za chumbani, waya zimesokotwa kwa vidole na kufungwa tepu, juu ya ubao mkavu wa silingi. Tepu ilikuwa imeyeyuka na kukauka tena. Pembeni yake kulikuwa na kiota cha panya cha magazeti yaliyotafunwa.

Kuhusu kuta: kumbe waliojenga 1948 walizilaza waya ndani ya paipu za chuma zilizozikwa kwenye plasta, kwa hiyo njia tayari ilikuwepo. Walifunga waya mpya kwenye mkia wa ile ya zamani, wakapaka poda ya watoto, mmoja akavuta chini na mwingine akasukuma kutoka darini, wakiitana: "Leta! Leta! Simama!" Njia tisa zilishuka ukutani. Sita zilikubali. Tatu ule mpira ulikuwa umevimba na kung'ang'ania, na fundi akakataa kulazimisha, akasema akikata waya katikati ya paipu atakuwa ameziba njia milele. Hizo tatu tukapitisha paipu nyembamba nyeupe juu ya ukuta, kwenye kona nyuma ya pazia. Mama alizikagua, akasema zinavumilika. Plasta iliyovunjwa nyumba nzima inatosha kufunikwa na sahani mbili.

Paipu za chuma za zamani hatukuzitegemea kama arthi, viungo vyake vina kutu. Kila saketi imepata waya yake ya kijani na njano. Shawa ina waya yake peke yake kutoka kwenye sanduku mpaka bafuni, na swichi yake ya kuvuta kwa kamba. Kampuni ya stima ilikuja kukata umeme kwenye mita siku ya kubadilisha sanduku, na ikarudi jioni kuunganisha. Tulishinda na mishumaa mchana kwenye korido, wajukuu wakaona ni sherehe.

Nguzo ya kwanza ya arthi ilisoma ohm 140. Fundi hakuridhika. Akapiga ya pili hatua nne kutoka hapo, akaziunganisha, ikawa 62. Na kwenye sanduku jipya ameweka RCD ya miliampea 30. Alinieleza hivi: kile kifaa kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na vikitofautiana kwa kiasi hicho kidogo, yaani kuna mahali unavuja, labda mwilini mwa mtu, kinakata kabla moyo haujavurugika. Kina kitufe cha kujaribia. Nakibonyeza kila tarehe mosi, nyumba inazima yote, napandisha.

Cheti ninacho. Mchoro wa saketi nimeubandika ndani ya mlango wa kabati la mita.

MzeeWaZiwani

Hongera binti. Na zile swichi za duara za kahawia, zenye kibao cha mbao nyuma? Mmetupa?

BintiWaPangani

Mzee, fundi alizipima. Nyingi zilikuwa zimelegea ndani zikicheza cheche, hazirudi ukutani. Moja ya sebuleni mama aliomba ibaki mahali pake, kwa hiyo imebaki bila waya yoyote, na swichi mpya iko chini yake. Wageni wanaibonyeza hiyo ya juu, taa haiwaki, mama anawaonyesha ya chini.

FundiWaMawe

Kazi safi. Mpe salamu huyo kijana. Rudini mpime zile nguzo mwezi wa tisa.

Nyawira_Kaloleni

Nilichelewa kwa sababu niliogopa jibu. Leo nimeamka mapema, nikachukua tochi, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Waya ya kijani ipo, imefungwa vizuri na klempu yake. Paipu imekatwa juu ya udongo, kiasi cha vidole vinne, na kando yake inapita ile ya plastiki ya kijani.

Nimetoa fyuzi ya shawa. Barua nimeiandika, naipeleka ofisi ya kaunti Jumatatu saa mbili. Jirani zangu wa pande zote mbili nao wametoka na tochi.